Fundi wa Mtambo wa Kilo Moja

Asubuhi yangu ya kwanza kazini nilimwamkia, "Shikamoo, Fundi." Akanijibu, "Funga mlango. Vumbi."

Nikadhani hakunisikia. Nikamwamkia tena. Akanyanyuka, akanipita, akaufunga mlango mwenyewe, ndipo akasema, "Marahaba. Mlango kwanza, adabu inafuata." Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu ya mwanzo, na kwa muda mrefu hayakurefuka zaidi ya hapo.

Redio yetu ilikuwa Kibiti, kwenye nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya ghala la korosho. Ilikuwa miaka ile soko huria lilipofika mpaka hewani, ikawa mwenye fedha na kibali anaweza kumiliki redio kama mwingine anavyomiliki mashine ya kukoboa mpunga. Haji, mwenye redio, alikuwa na vyote viwili. Utajiri wake ulitokana na nazi na korosho, na aliingia kwenye utangazaji, kwa maneno yake mwenyewe, kwa kuwa alichoka kusikiliza watu wa Dar es Salaam wakilalamikia foleni zao. Mimi nilisoma taarifa za misiba, salamu na vilivyopotea: mbuzi, vyeti, waume. Yeye alikuwa fundi mitambo. Jina alikuwa nalo, lakini hakuna aliyelitumia. Hata mkewe alipomletea chakula alisimama nje ya dirisha akaita, "Fundi! Wali unapoa."

Alitufikia kutoka shirika moja la umma lililobinafsishwa, ambako alipunguzwa pamoja na wenzake wengi. Alilisimulia jambo hilo kana kwamba yeye ndiye aliyelipunguza shirika. "Nikawaacha," alisema. "Tuone sasa watafanyaje." Kwa kadiri nijuavyo, waliendelea vizuri tu.

Chumba chake kilikuwa cha katikati, na ndani yake mlikuwa na kabati refu la chuma lisilo na milango, ambalo aliliita raki. Juu ya raki kilikaa kisanduku kidogo kilichotengeneza mawimbi ya redio, mawimbi manyonge yasiyofika hata sokoni. Chini yake, umefungwa kwa skrubu nne nene, ulikaa mtambo wenyewe, amplifaya, mzito kama kinu. Kazi yake ilikuwa kuyapokea mawimbi yale manyonge, kuyatia nguvu ya kilowati moja na kuyasukuma kwa kebo nene mpaka juu ya mnara. Sisi wote tuliuita "mtambo wa kilo moja." Yeye hakupenda. Alisema kilo ni ya sukari.

Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi kila siku, kwa kazi ambayo asilimia kubwa yake ilikuwa kupambana na uchafu. Nilipomuuliza sababu aliniambia kwamba shati jeusi linaficha vumbi, na yeye anataka kumwona adui. Vichujio vya feni za mtambo alivifua kwa mkono, kwa sabuni ileile ya mashati yake, akavianika kwenye kamba moja na mashati. Vichujio vilipochakaa, na vipya havipatikani mpaka Ulaya, alikata kipande cha chandarua cha nyumbani kwake akakikunja mara kadhaa. Mkewe alikuja kulalamika kwamba mbu wanaingia kitandani. Fundi akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Wewe una mikono ya kuwapiga. Mtambo hauna."

Misemo yake ilikuwa michache na yote ilihusu mashine, ingawa baadhi yetu tulijaribu kuitumia maishani. "Joto halina mjomba." "Kelele si nguvu." Na ule aliotutolea kila jenereta ilipowashwa, maana Kibiti siku hizo haikuwa na umeme mwingine: "Usimkimbilie mgeni mlangoni, mwache apumue." Maana yake ni kwamba jenereta iachwe itulie kabla ya kuwasha mtambo. Watangazaji tulikaa mbele ya kipaza sauti, muda wa kuanza umepita, watu mpaka Bungu wamekwisha kufungua redio zao, naye amesimama mbele ya raki akingoja mgeni apumue.

Siku mtambo ulipofungwa ndiyo iliyompa sifa mjini, lakini si sifa aliyoitaka. Haji alikuwa amekwisha kuchinja ng'ombe na kumwalika mgeni rasmi. Makreti ya mtambo yalichelewa njiani kwa sababu ya tope, yakafika sherehe ikiwa kesho yake. Haji akadhani mtambo ni kama friji, unauchomeka. Fundi akasema hauwashwi bila waya wa ardhini, wa kupeleka radi na umeme uliopotea chini badala ya kuupeleka kwa mtangazaji. Akachimba shimo refu nyuma ya nyumba. Ndani akaweka bamba la shaba, akalizungushia mkaa na chumvi, akamwagia maji, akafukia, kisha akawa anamwagia maji mahali hapo kila Alhamisi jioni ili udongo usikauke.

Sasa, mtu mgeni akichimba shimo, akafukia shaba, mkaa na chumvi, akarudi kupamwagilia kila mkesha wa Ijumaa, Kibiti hawana haja ya kuuliza. Ilijulikana kwamba Haji amezindika redio yake na kwamba mganga ni yule mwenye shati jeupe. Fundi, ambaye aliwaona waganga wote kuwa ni wezi wa kuku, alijikuta akiamkiwa kwa heshima na watu wasiomjua. Mama mmoja kutoka Chumbi alisafiri mpaka kwetu kumwomba amfukie kitu kwenye shamba lake la mpunga. Fundi akamweleza habari za radi na ardhi, kwa ufasaha, kwa muda mrefu. Mama akasikiliza yote akasema, "Nimekuelewa baba. Na mimi unifanyie hivyohivyo."

Ama mgeni rasmi, alihutubia siku ya sherehe kupitia spika mbili zilizowekwa uani. Aliwasalimu wananchi wa Rufiji nzima, wa bara na wa delta, akawapongeza kwa kumsikiliza. Mtambo ulikuwa haujawashwa. Haji alitabasamu muda wote huku akimwangalia Fundi kwa jicho moja. Fundi alikula pilau, akarudi shimoni. Sauti ya kwanza kutoka hewani ilikuwa yangu, siku kadhaa baadaye, nikitangaza baiskeli iliyopotea Mchukwi, na hakuna aliyepiga makofi.

Tangu hapo ugomvi wao ulikuwa mmoja. Mtambo uliweza kilo moja, naye hakuupandisha kamwe zaidi ya robo tatu. Haji alikuwa na wanunuzi wa kamba wa baharini kule Salale waliotaka kutangaza bei, na Salale ni mbali, ni delta, mikoko na maji, redio yetu ilifika kule ikikwaruza kama inaandaa kikohozi.

"Fundi," Haji alimwambia mbele yetu, "nimenunua kilo. Unanipimia robo tatu. Bucha akinifanyia hivyo si tunafikishana kwa balozi?"

"Nyama unainunua kila siku, Haji. Huu umenunua mara moja."

"Basi nipe kilo siku moja tu. Sikukuu."

"Siku moja ndiyo hiyo unayoungulia mtambo."

Haji alikuwa mtu wa kufoka, lakini kwa Fundi alifoka nusu, akahitimisha kwa kucheka, kwa kuwa alimwogopa kidogo. Nafikiri na yeye alikuwa haamini sana zile habari za radi.

Nisiwape picha ya mtu asiyekosea. Alikosea, na akikosea alitafuta wa kumtwisha. Tulinyamaza siku nzima kwa sababu alisahau kuziba tundu la kebo, mjusi akapenya, akajilaza juu ya vyuma vyenye umeme. Fundi alitoka na kile kilichobaki kikiwa kwenye kipande cha gazeti, akamwonyesha Haji. "Marehemu ndiye mwenye makosa," alisema. Aliwadharau mafundi redio wa sokoni, akawaita wauza moshi, ila mimi nilimwona kwa macho yangu akinunua fyuzi kwa mmoja wao, akiwa amegeuza uso kama mtu anayenunua gongo. Na jambo lililoniudhi zaidi: hakusikiliza matangazo. Redio ndogo ya kukagulia alikuwa nayo juu ya meza, lakini aliifungulia ajue kama sauti inatoka, si inasema nini. Nimewahi kusoma taarifa ya msiba wa mtu wa mtaa wake, jirani wa ukuta kwa ukuta, yeye amekaa pale, na jioni akashangaa kukuta turubai.

Ndipo ikaja masika moja mbaya. Mto ulipanda, ukaingia mashambani, na kule delta maji ya mto yalikutana na maji ya bahari kuu, watu wakahamia kwenye madungu yao ya kulindia mpunga. Boti za Salale zilizokuwa zikishusha abiria Nyamisati hazikuonekana. Kazi yangu ikageuka. Watu walikuja na miavuli na magunia kichwani kunipa ujumbe: fulani tuko salama, fulani njooni, fulani mmefika?

Fundi alikuwa na binti aliyeolewa Salale, kwa mnunuzi wa kamba. Hilo tulilijua. Kwamba binti alikuwa mjamzito na miezi imetimia, hatukulijua, maana hakulisema. Alichofanya ni kuanza kusikiliza. Nilikuwa nikisoma, nikiinua macho namwona nyuma ya kioo amesimama, mikono nyuma, ametega sikio kwa kila jina. Nikimaliza, anarudi kwenye raki.

Mchana mmoja, Haji akiwa Dar es Salaam, Fundi aliingia studio. Hakuwahi kuingia wakati nikiwa hewani. Hakufunga mlango.

"Soma," akaniambia. "Sema, yeyote aliye Salale anayejua habari za binti wa fundi mitambo wa redio, alete neno Nyamisati. Sema baba yake anauliza."

"Jina lake, Fundi?"

Akanitajia jina, akalirudia polepole kama ananifundisha kulitamka. Kisha akasema, "Nipe muda kidogo kabla ya kusoma. Nakwenda kuwafungulia wasikie."

Kupitia ukuta nikasikia feni za mtambo zikibadili sauti. Zilizoea kuvuma kama mtu anayepuliza chai, sasa zikawa zinalia. Nikasoma. Akanionyesha kwa kidole nirudie. Nikarudia. Feni zikakatika, zikarudi, zikakatika tena, kwa sababu mtambo ule ulikuwa na ulinzi wake. Ukiona nguvu inayotoka haikubaliwi kule juu ya mnara, na inarudi, hujizima kabla haujajiunguza. Na kule juu mvua ilikuwa imeingia kwenye kiungo cha kebo. Yeye alilijua hilo kwa wiki nzima, na ndiyo maana alikuwa ameushusha mtambo mpaka nusu.

Kisha feni zikaacha kukatika. Nikasoma mara nyingine, vizuri, bila haraka, nikiliweka jina la binti peke yake ili hata mwenye betri dhaifu alishike. Nilikuwa nimefika "baba yake anauliza" niliposikia mlio kama wa nazi kavu ikipasuliwa, na harufu ikanifuata.

Nilimkuta ameketi juu ya kreti tupu. Moshi ulikuwa unatoka kwenye mtambo taratibu, bila fujo. Alikuwa ameifunga ile swichi ya ulinzi kwa kipande cha waya, mkono wake mwenyewe, fundo safi kabisa.

"Umekufa?" nikauliza.

"Ulimaliza kusoma?"

"Nilikuwa mwishoni."

"Jina lilitoka?"

"Lilitoka, Fundi."

"Basi," akasema. Akainuka akafungua madirisha yote, akaacha vumbi na mvua viingie vitakavyo.

Kesho yake, kabla ya adhuhuri, mtu wa baiskeli alifika amelowa mpaka kofia. Alikuwa mhudumu wa hospitali ya Mchukwi. Mchukwi ni jirani zetu. Hata mtambo ungewaka kama kibatari, Mchukwi wangesikia.

"Fundi mitambo ni nani hapa?"

"Ni mimi."

"Binti yako yuko kwetu, wodi ya wazazi. Mumewe alimleta kabla maji hayajafunga njia, na ujumbe akampa dereva wa lori." Lori hilo, tulikuja kujua, lilikuwa limezama kwenye tope njiani na dereva wake na ujumbe wake. "Amejifungua mtoto wa kike, salama. Jana wodi nzima ilisikia."

Fundi alishika ukingo wa dirisha.

"Na amenituma maneno," yule mhudumu akaendelea, sasa akiona haya kidogo. "Anasema, mwambieni baba apunguze sauti, mtoto amelala."

Sijawahi kuona mtu akicheka na kulia kwa uso uleule bila uso kuamua. Mkewe, aliyekuwa amesimama nje ya dirisha na bakuli lake, alipiga kigelegele mpaka watu wa ghala la korosho wakaja wakidhani redio imerudi. Wakaondoka wote wawili kwa miguu kuelekea Mchukwi, yeye na shati lake jeupe, chini ya gunia moja, wakigombana nani alisema mtoto atakuwa wa kike.

Haji aliporudi alikuta redio iko kimya. Akaenda moja kwa moja kwenye raki, akaangalia ndani, akamgeukia Fundi. Sote tukangoja radi.

"Uliipa kilo?" Haji akauliza.

"Niliipa."

"Nzima?"

"Nzima. Na kosa ni langu, Haji. Nimekwisha kufunga vyombo vyangu."

Haji akazunguka chumba. Mtu aliyeomba kitu miaka yote atamgombezaje aliyempa? "Umenipa kilo," akasema mwishowe, karibu kwa kilio, "siku ambayo mimi sipo!" Kisha akauliza alilokuwa akilitaka hasa: "Ilifika Salale?"

Haikufika. Watu wa Salale walipoanza kutoka walituambia redio zilikuwa zimelowa, na aliyekuwa na redio kavu hakuwa na betri. Lakini mchuuzi mmoja wa dagaa alivuka kutoka Mafia, kisiwa kizima ng'ambo ya bahari, akaja mpaka Kibiti kutuuliza kama binti alipatikana. Walinisikia vizuri sana, alisema, kama niko chumba cha pili, na msikitini walimwombea binti dua. Haji alimkaribisha chai akamwomba arudie habari ile mara mbili. Vile vyombo Fundi aliambiwa avifungue.

Aliufungua mtambo kutoka kwenye raki, akautandaza sakafuni. Ndani ulikuwa na vipande vinne vinavyosaidiana kubeba mzigo, na viwili vilikuwa vimekufa. Vipuri vilikawia. Akaziondoa zile maiti mbili, akaunganisha vilivyobaki, akapanda mnarani mwenyewe jua lilipotoka kukikausha kiungo na kukifunga upya, akaturudisha hewani kwa nusu ya nguvu. Kibiti hakuna aliyeona tofauti. Mtu mmoja alinisimamisha sokoni kutusifu, akasema siku hizi mnasikika vizuri zaidi. Nilimpelekea Fundi sifa hizo. Aliniangalia kana kwamba nimemletea mjusi.

Redio iliuzwa baadaye, Haji alipozeeka. Wenye mali wapya walileta kompyuta na mtambo mwembamba unaojirekebisha wenyewe, na vijana wanaouangalia kutoka Dar es Salaam. Fundi aliondoka bila kuagwa. Nasikia alisema amewaacha, tuone sasa watafanyaje. Na mimi sikukaa sana.

Mara ya mwisho nilimwona Chumbi, alikohamia kulima. Nilikwenda kwenye harusi, nikaonyeshwa njia ya shambani kwake, bondeni, mpunga ukiwa umeanza kuweka maziwa. Nilimsikia kabla sijamwona, au tuseme nilisikia mvumo, kama wa nyuki wengi walioridhika. Shamba lote lilikuwa limezungushiwa utepe mwembamba wa kahawia, umefungwa kwenye vijiti, unametameta juani na kuvuma kila upepo ulipopita. Alikuwa ameinama kwenye kijiti, amezeeka, shati jeupe limeingizwa ndani ya suruali.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Pita huku, usinikanyagie mpunga."

Niliushika ule utepe. Ulikuwa utepe wa kaseti. Wale vijana walipoleta kompyuta walitupa magunia ya kanda zetu za zamani, naye aliyabeba.

"Hizi ni kanda za redio?"

"Ndizo."

"Na zangu zimo?"

"Zako ndizo nyingi. Kwelea kwelea hawapendi huo mlio." Akakaza fundo. "Za muziki nilizijaribu mwanzo. Wanazizoea. Wanakaa juu yake wanakula. Zako wakizisikia tu wanavuka mto."

Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye tuta. Yeye hakucheka. Alikuwa anaeleza mambo ya kitaalamu.

"Siku hizi unatangazia wapi?" akaniuliza.

"Niliacha, Fundi. Nina duka la daftari na kalamu, Kibiti palepale."

Akasimama wima, jambo lililomchukua muda. Aliniangalia, kisha akaangalia shamba lake, utepe ule wote, mistari kwa mistari.

"Hasara," akasema.

Katika miaka yote tuliyokaa ukuta mmoja hakuwahi kuniambia neno jema zaidi ya hilo. Upepo ukaja kutoka mtoni, nyuzi zote zikaanza kuvuma kwa pamoja, na upande wa mwisho wa shamba kundi la ndege likanyanyuka. Fundi akanipa ncha ya utepe mwingine mkononi.

"Kaza kwenye kile kijiti cha pembeni," akasema. "Usivute sana."